Siku Niliyotangazwa Marehemu Ofisini

Nilikufa Jumanne moja saa mbili asubuhi, kwa amri ya mkurugenzi wetu, na nikaambiwa nisifufuke kabla ya saa kumi na moja jioni. Simu yangu ilichukuliwa nisije nikadanganya. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikajifunga leso, nikaanza kufua nguo ambazo hazikuwa na uchafu wowote.

Kampuni yetu inauza maji. Anayeishi Kitengela hahitaji kuelezwa hiyo ni kazi gani. Mifereji ya hapa hutoa upepo siku nyingi kuliko maji, kwa hiyo sisi huvuta maji kutoka visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, tunayapakia kwenye malori ya buluu na kuyapeleka shuleni, hotelini, kwenye zahanati na ploti za kupangisha. Nani apelekewe kwanza, tangi lake ni la lita ngapi, lori gani haliwezi kukata kona ya nani, hayo yote yako kwenye kompyuta kubwa iliyo nyuma ya dawati langu. Kabla ya kompyuta yalikuwa kwenye daftari langu. Kabla ya daftari yalikuwa kichwani mwangu, na nasema kweli, hayakuwahi kutoka huko.

Miaka kumi na miwili nilitawala kazi hiyo. Mkurugenzi, mzee kutoka Kiambu aliyenunua ardhi huku wakati wenzake walimcheka, hakutoa lori langoni bila kuniuliza. "Huyu mama akiumwa na kichwa," alikuwa akiwaambia wageni, "Kitengela yote inalala na kiu." Maneno hayo niliyapenda mno. Niliyasimulia nyumbani, nikayasimulia kwa kina mama wa kanisani, kisha nikayarudia kwa waliojifanya wamesahau. Mtoto wa Ukambani aliyefunzwa kompyuta na kijitabu cha maelekezo, bila mwalimu, ana haki ya kujisifu kidogo.

Kisha ikafunguliwa ofisi ya pili Kajiado mjini, na ndani yake akawekwa binti wa hapo hapo Kajiado, Mmaasai, mwenye digrii ya kompyuta na sauti ya kubembelezea mtoto. Nilimchukia kabla hajakalia kiti. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hakuwa amenikosea lolote. Kupanga orodha ya wiki, kazi iliyonichukua asubuhi nzima, yeye aliimaliza chai ikiwa bado haijachemka. Wazee wenye ardhi ambamo mabomba yetu hupita, niliowasalimia miaka yote hiyo wakanijibu kwa kuinua fimbo kidogo, yeye aliwaendea, akainamisha kichwa wamguse utosi, akaongea nao Kimaasai, na akarudi na kibuyu cha maziwa. Hata maziwa yenyewe aliniletea mimi. Niliyanywa, yalikuwa matamu, na roho ikazidi kuniuma.

Aliniita yeyo, yaani mama kwa lugha yao. Kila asubuhi alinipigia simu kutoka Kajiado. Nilikuwa nimejifunza salamu yao, kwa hiyo nilimwambia "Takwenya," akaitikia "Iko," halafu maswali yakaanza. Mbona shule fulani inapelekewa Jumatano tu? Mbona dereva apige honi mara mbili kwenye lango fulani? Nilimjibu kwa sababu ilikuwa kazi yangu kujibu na, tusidanganyane, kwa sababu nilipenda kuulizwa. Lakini kila nilipokata simu nilihisi nimemega mkate wangu na kumpa mtu aliyekuja kunitoa mezani.

Mwaka jana transfoma ya mtaani kwetu ililipuka. Umeme uliporudi ulirudi na nguvu za ajabu, na kampuni moja jirani ikapoteza kila kitu kilichokuwa kwenye kompyuta zake. Wiki mbili wafanyakazi wake walikuwa wakizunguka wakiuliza wateja, "Kwani wewe tulikuwa tunakuuzia nini?" Mkurugenzi wetu aliposikia hilo alikosa raha. Akamleta bwana mmoja kutoka Nairobi, mtaalamu wa kuzuia hasara za namna hiyo, atuandikie mpango wa kuendelea na kazi hata jambo lolote likiharibika.

Mpango wenyewe haukuwa mgumu. Kila jioni nakala ya kumbukumbu zetu zote ingesafiri kwa mtandao hadi kompyuta ya Kajiado. Kitengela ikizimika, Kajiado ingefungua nakala hiyo na malori yangeendelea kutembea. Nakala ilifungwa kwa neno la siri nililolijua mimi. Neno hilo niliandike kwenye karatasi, niitie kwenye bahasha, niigundishe, nitie sahihi na tarehe, na bahasha ikae kwenye kabati la chuma kule Kajiado. Siku nitakayobadilisha neno, siku hiyo hiyo nipeleke bahasha mpya. Bahasha ya kwanza niliipeleka kabla hata mpango haujasomwa mezani.

Ukurasa wa mwisho wa mpango ulitaja vitu ambavyo kimoja kikianguka kazi yote inasimama. Umeme ulikuwa wa kwanza, mtandao wa pili, kompyuta kubwa ya tatu. Cha nne kilikuwa mimi. Nilifurahi kwa dakika mbili hivi, nikidhani nimesifiwa.

"Hii ndiyo shida kubwa tuko nayo hapa," mtaalamu akasema, akininyoshea kalamu. "Madam akigongwa na boda boda kesho, hii kampuni inaenda aje?"

Kila mtu alinitazama kama betri inayokaribia kuisha. Mkurugenzi akatikisa kichwa taratibu, akamwonyesha yule binti kwa kidole, akaniambia, "Basi umfunze huyu kila kitu. Huyu ndiye future ya hii kampuni." Alisema hivyo mbele ya watu, mezani, huku akila mandazi niliyoyapika mimi.

Alasiri ya siku hiyo kompyuta iliniambia muda wa neno la siri umekwisha, niweke jipya. Nikaweka. Nikaandika karatasi, nikatia bahashani, nikagundisha, nikatia sahihi. Dereva wa Kajiado alikuwa uani akifunga mlango wa lori. Nikasimama dirishani na bahasha mkononi nikamtazama akiondoka. Nikaitia kwenye mkoba wangu, kando ya kitabu cha nyimbo za kanisa, nikajiambia nitaipeleka Ijumaa. Ijumaa ilipofika nikajiambia hivyo tena. Wiki ya tatu niliacha kujiambia chochote. Watu husema kijiba cha roho, na ni kweli kinakaa pale pale chini ya kifua, kinabana, na ukikipa chakula kidogo kinakua.

Ndipo likatangazwa zoezi. Mtaalamu alitaka kuona kama mpango unafanya kazi, kwa hiyo kompyuta ya Kitengela ingezimwa siku nzima na mimi ningehesabiwa kuwa marehemu. Nisipokee simu, nisionekane ofisini, nisimwambie mtu neno. Tulipewa wiki moja ya kujiandaa. Katika wiki hiyo dereva wa Kajiado alipita mbele ya dawati langu kila siku, na mara moja hata aliniuliza kama niko na mzigo wa kutuma. Nikamwambia sina.

Nilitaka washindwe. Sina namna nzuri ya kulisema. Nilitaka binti afungue bahasha ya zamani mbele ya mtaalamu, aandike neno, likatae, aandike tena, likatae, jasho limtoke. Nilitaka mkurugenzi mwenyewe aje kugonga lango langu aseme, "Mama, tumekwama." Ndiyo maana asubuhi ile, chini ya leso, nilivaa gauni langu zuri la Jumapili, na chai ya wageni nikaiweka kwenye thamosi.

Kutoka baraza yangu naiona barabara ya murram ambayo malori yetu hutokea. Siku za kawaida la kwanza hupita saa tatu kamili. Saa tatu ikafika, pakapita punda na mkokoteni wa mitungi tu. Saa tatu na robo, kimya. Nikaongeza sabuni kwenye beseni, nikaanza kuimba. Jirani akaniuliza juu ya ua kama nimepokea habari njema.

Saa tatu na nusu wimbo ukanikauka. Jumanne lori la kwanza huenda hospitali ya akina mama kujifungua, ile ndogo iliyo karibu na soko. Tangi lao la nyuma lina ufa, halishiki maji zaidi ya nusu, na wakicheleweshewa hadi adhuhuri mabomba ya wodi hukauka. Hilo nililijua. Nililijua siku ile niliposimama dirishani na bahasha. Sasa nikaanza kuwaona wanawake wale vitandani, na mkunga mkuu akifungua bomba linalokoroma. Nikainuka niende ofisini nikaseme. Nikaketi. Dakika kumi zaidi, nikajiambia, waje wenyewe.

Saa nne kasorobo lori la kwanza likapita. Nyuma yake la pili, lile fupi, kwa sababu ndilo pekee linaloingia kwenye vichochoro vya ploti. Kisha la tatu. Nikayahesabu na mikono yangu ikiwa na povu. Mpangilio ulikuwa sahihi kabisa, mpangilio wa Jumanne nilioutengeneza mwenyewe. Bila neno la siri hilo haliwezekani, na neno la siri lilikuwa kwenye mkoba, juu ya kitanda changu. Badala ya kushukuru kwamba akina mama watapata maji, niliungua. Nikaacha nguo kwenye beseni nikaenda hospitalini, marehemu kwa miguu yake.

Mkunga mkuu, ambaye tunafahamiana tangu enzi za daftari, alikuwa uani akitazama maji yakiingia tangini.

"Ai! Si dereva amesema leo umekufa?"

"Nimepewa ruhusa kidogo," nikamwambia.

Akacheka hadi akashika kiuno. "Nimepigiwa na yule msichana wa Kajiado. Ameniuliza kama hiyo tank ya nyuma bado inavuja, akasema basi wajaze ya mbele kwanza. Mimi nilidhani ni wewe! Anaongea tu kama wewe, hata anakohoa kwanza kabla aulize."

"Lakini wamechelewa," nikasema. Nilitaka angalau hilo.

"Wamechelewa, ndiyo. Lakini amesema pole mara mbili." Akaninyoshea kidole kwa utani. "Wewe miaka yote hujawahi kuniambia pole."

Nikarudi nyumbani nikaanika nguo nilizoziacha kwenye beseni.

Kesho yake tukakutana sote Kitengela. Nilirudishiwa simu, nikasoma kundi la ofisi. Walikuwa wamenitangazia tanzia. Mtu alikuwa ameweka picha yangu na mshumaa, mwingine akajichagua mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na karani wa stoo akaandika kwamba marehemu alitupenda lakini kompyuta yake aliipenda zaidi. Nilicheka kidogo. Kisha nikatafuta yule binti ameandika nini. Hakuwa ameandika neno. Watu wote thelathini wamenililia, yeye kimya. Nikasema moyoni, ona anavyojiona.

Mtaalamu alieleza siku ilivyokwenda. Bahasha ilifunguliwa saa mbili na dakika kumi. Neno la siri likakataa mara tatu, nakala ikabaki imefungwa. "Hapo mimi nilijua tumefeli," akasema. Ndipo binti akavuta mtoto wa meza akatoa madaftari mawili makubwa. Miaka miwili, kila asubuhi niliyomjibu, alikuwa ameandika majibu yangu, kila mteja na ukurasa wake. Akawapigia wateja mmoja mmoja, akawapangia madereva kwa mdomo, na hadi jioni hakuna aliyekosa maji.

Madaftari yakazungushwa mezani hadi yakanifikia. Mwandiko mdogo, uliosimama wima. Yeyo anasema mbwa wa hapa haumi, anabweka tu, dereva asiogope. Yeyo anasema huyu mzee mwache amalize kulalamika, halafu atafungua lango. Yeyo anasema hapa usifuate ramani, fuata ua wa michongoma. Kulikuwa na mambo niliyokuwa nimeyasahau mimi mwenyewe. Mtu mwenye moyo mzuri angelia machozi pale. Mimi nilitamani kuyatia madaftari yale mkobani, juu ya bahasha, nikae nayo.

"Sasa hii bahasha," mtaalamu akasema. "Ilikuwa na password ya zamani. Mpya iko wapi?"

Mkurugenzi akanitazama. Nikafungua mdomo bila kujua nitasema nini, na kabla sauti haijatoka binti akainuka.

"Ililetwa. Niliipokea mimi, nikaiweka mahali, na sasa siioni. Ni makosa yangu."

Alisema kwa sauti ile ile ya kubembeleza, hakupepesa macho. Mkurugenzi akaangusha kalamu mezani. "Digrii yote hiyo, na karatasi moja inakushinda kuweka?" Akasema madaftari ni mazuri, lakini kampuni haiwezi kumwachia funguo mtu anayezipoteza. Atatafuta mtu mwingine Nairobi wa kukaa Kajiado, na binti amalize mwezi wake akipokea simu tu. Akaanza kuandika hayo kwenye karatasi. Hakuna aliyemtetea.

Mkoba ulikuwa mapajani pangu. Nilichokuwa nikiomba miaka miwili kilikuwa kinaandikwa mbele ya macho yangu, kwa wino. Nikangoja furaha ije. Haikuja, lakini pia sikufungua mdomo. Wakasema tupumzike kwa chai.

Nilimfuata nje, kule nyuma penye mfereji ambapo tunaoshea vikombe. Alikuwa peke yake.

"Umedanganya kwa nini?" nikamuuliza. Hata shukrani sikuanza nayo.

"Kompyuta inaonyesha siku password ilibadilishwa, yeyo. Na bahasha iko na tarehe yako. Nimejua tangu jana asubuhi."

"Si basi ungeniambia? Ungewaambia?"

"Jana ulikuwa umekufa." Hakuwa anatania. "Huku kwetu mtu akishaenda, jina lake halitajwi. Na mabaya yake hayasemwi. Mimi ningeanzia wapi? Hata kwa group nimeshindwa kuandika."

"Lakini lilikuwa zoezi tu. Mimi niko hapa, mzima."

"Naona." Akakung'uta maji kwenye kikombe, akakifunika juu ya beseni. "Sasa kama uko hai, yeyo, sema mwenyewe."

Akaingia ndani akaniacha na mfereji ukidondoka.

Nilisimama pale mpaka nikasikia viti vikivutwa. Nilipoingia walikuwa wamekaa, mkurugenzi akimalizia kuandika. Nikafungua mkoba, nikatoa bahasha, ilikuwa imekunjika pembe, nikaiweka mbele yake.

"Haikupotea," nikasema. "Sikuipeleka."

Mtaalamu alikuwa mtu mwema. Akaichukua, akaona tarehe, akanifungulia mlango wa kutokea. "Ni kusahau tu hiyo, madam. Watu husahau. Tutaandika alisahau."

Ningeweza kukubali. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa ameanza kuitikia kwa kichwa.

"Sikusahau," nikasema. "Nilimwonea wivu."

Mkurugenzi akakata kwa kalamu yale aliyokuwa ameandika, akafungua karatasi nyingine na kuandika jina langu juu yake. Nikamtazama binti. Nilitarajia nione hata tabasamu dogo, maana haki yake alikuwa ameipata, na mimi nilikuwa nimesimama uchi mbele ya kampuni nzima. Alikuwa ameinamisha macho, akanisogezea kiti nikae. Na hapo hapo, aibu ikiwa bado inanichoma masikio, nikamwonea wivu tena, kwa sababu ningekuwa mimi, ningeshangilia.